Juggernaut ana mwenyewe

VITSHUMBI – Katika Kivu ya Kaskazini neno «haizuiliki» limekuwa kama chumvi, tunalitia kila mahali. Vita haizuiliki. Bei ya unga haizuiliki. Nyavu zenye macho madogo, zile zinazokomba vitoto vya samaki katika ziwa Edouard kabla havijakua, nazo hazizuiliki. Ukishalisema neno hilo unapumzika, maana hakuna tena la kufanya. Mimi ninalikataa, na nitalikataa kwa njia ambayo wakubwa fulani wataicheka: kwa kumtumia adui mmoja wa katuni za Marekani, pandikizi la mtu mwenye kofia ya chuma, anayeitwa Juggernaut.

Sikumchagua kwa kupenda mambo ya mbali. Nilimsikia akitajwa huku Vitshumbi, ufukweni, vijana wawili wakishona nyavu na kubishana nani zaidi kati yake na Hulk. Mmoja akakata ubishi: «Juggernaut ni kama hawa wenye bunduki. Akishaanza kutembea, wewe kaa kando tu.» Mwenzake hakuwa na jibu. Mimi pia, siku hiyo, sikuwa nalo mkononi.

Asiyeijua Vitshumbi aelewe kwanza maneno hayo yanatoka wapi. Ni kijiji cha wavuvi kwenye pwani ya kusini ya ziwa, wilayani Rutshuru, zaidi ya kilometa mia moja kaskazini ya Goma, ndani kabisa ya hifadhi ya Virunga. Pamoja na Kyavinyonge na Nyakakoma, ni mojawapo ya kambi tatu ambazo sheria inaruhusu uvuvi upande wetu wa ziwa. Viboko wanaingia kati ya nyumba usiku, korongo marabu wanatembea mchana kama watoza kodi. Kwa miaka mingi watu hawa wameishi na jeshi la serikali, walinzi wa hifadhi, maimai, waasi wa kila jina, na huko majini doria za Uganda. Mwezi Machi 2024 M23 wakaingia. Kijana aliyekulia hapo hahitaji mtu wa kumweleza maana ya nguvu inayokuja bila kuuliza njia.

Lakini Juggernaut anayemjua ni wa filamu, tena wa dakika chache. Filamu hizo zinazunguka kwenye kadi za simu, nyingine zikiwa na yule mtu wa kueleza kwa Kiswahili juu ya sauti ya wazungu. Katika X-Men: The Last Stand ya mwaka 2006 unamwona Vinnie Jones akipasua ukuta baada ya ukuta. Katika Deadpool 2 ya mwaka 2018 unaona jitu kubwa kuliko gari. Kipande hicho ndicho kinachorudiwa na kutumiana. Sehemu anayoshindwa haitumwi kwa mtu, na hilo ni kosa kubwa, kwa sababu kwenye vitabu alikotoka Juggernaut anashindwa karibu kila mara. Na namna anavyoshindwa ndiyo inayonifanya niandike.

Alizaliwa kwenye karatasi mwaka 1965, toleo la 12 la The X-Men, enzi za Stan Lee na Jack Kirby. Lilipangwa kwa akili. Profesa Charles Xavier, mwalimu mwenye uwezo wa kuingia katika mawazo ya watu, amejifungia na wanafunzi wake nyumbani. Kengele za hatari zinalia. Kitu kinakuja. Kizuizi cha kwanza kinaanguka, cha pili kinaanguka, na katikati ya kelele hizo profesa anawasimulia watoto habari za utoto wake. Msomaji haoni sura ya anayekuja mpaka mwisho wa kitabu. Anasikia tu. Mtu aliyelala Goma mwishoni mwa Januari 2025 haihitaji maelezo: wamefika Sake, wamefika Mugunga, na wewe uko ndani unahesabu milio, unajaribu kuwapa watoto hadithi yoyote.

Na hadithi ya profesa ni hii. Anayekuja ni ndugu yake, Cain Marko, mtoto wa baba wa kambo. Baba huyo alimpiga Cain, Cain akamwonea Charles, chuki ikakua nyumba moja. Wakubwa wakajikuta wote wawili askari katika vita ya Korea. Siku moja Cain anatoroka mapigano. Charles anamfuata ili amrudishe. Wanaingia pangoni, kumbe ni hekalu la kale la roho mmoja anayeitwa Cyttorak, na mbele yao kuna jiwe jekundu linalong'aa. Cain analishika. Anaanza kubadilika, pango linaporomoka, Charles anaponea chupuchupu na Cain anafukiwa. Miaka inapita, yeye anachimba tu. Anapotoka, hatafuti jeshi la adui. Anakwenda moja kwa moja mlangoni kwa ndugu yake.

Irudie polepole, msomaji wa Kivu. Askari anatoroka kikosi. Anaingia shimoni. Anaokota jiwe. Anatoka humo ana nguvu kuliko jeshi alilolitoroka, na wa kwanza kulipizwa ni ndugu yake wa nyumba moja. Sidhani kama Stan Lee aliwahi kusikia jina la Rubaya au la Walikale, lakini angeleta hadithi hii kwa mhariri wa hapa Goma, mhariri angemuuliza: hii ni katuni au ni ripoti?

Hata jina lake lina historia ya kutazama. Juggernaut linatokana na Jagannath, maana yake Bwana wa Ulimwengu, mungu wa Wahindu ambaye hekalu lake liko mji wa Puri. Kila mwaka anatolewa katika gari kubwa la mbao linalovutwa kwa kamba na maelfu ya waumini. Wazungu wa zamani walirudi kwao wakisimulia kwamba watu wanajitupa chini ya magurudumu ili wafe, na kutokana na masimulizi hayo Waingereza wakapata neno la kitu kinachoponda kila kilicho mbele. Leo wanaliita hata lori kubwa, kama yale yanayoshuka na mizigo barabara ya Butembo bila breki za kuaminika. Kwa hiyo sikukuu ya watu ikageuzwa mashine ya kifo na mgeni aliyeitazama kwa mbali. Sisi Wakongo tunaujua ugonjwa huo wa kutazamwa. Lakini kuna jambo jingine ambalo wageni hao walilipita: gari la Puri halijiendeshi. Kuna watu wanaovuta kamba.

Turudi kwenye vitabu. Nguvu za Juggernaut si zake, ni za jiwe, na jiwe ni la Cyttorak. Mwili wake hauumii akiwa nazo. Udhaifu wake ni akilini, ndiyo sababu anavaa kofia ya chuma: bila hiyo, ndugu yake anaweza kuingia kichwani mwake na kumlaza. Toleo la 13, mwaka huohuo wa 1965, linaisha hivyo. Wanafunzi, vijana watupu, wanapigwa na kuinuka, mpaka wanafaulu kumvua kofia. Profesa anamaliza kazi. Hakuna aliyemshinda kwa ngumi. Jambo hilo lilikuwa wazi tangu siku ya kwanza, na bado kwa miaka karibu sitini watu wazima wanasimama mbele yake na kumpiga kifuani.

Pambano ninalolipenda kuliko yote halimhusu ndugu yake hata kidogo. Ni la mwaka 1982, Amazing Spider-Man namba 229 na 230, kazi ya Roger Stern na mchoraji John Romita Junior. Juggernaut anatembea chini ya bahari mpaka New York. Ametumwa na rafiki yake Black Tom kumchukua bibi mmoja kipofu, Madame Web, mwenye kipawa cha kuona yajayo. Bibi huyo ni mgonjwa, anaishi kwa mashine iliyo kwenye kiti chake. Spider-Man anatafuta msaada kwa wakubwa wote wenye nguvu, na wote hawapo, kila mmoja ana safari yake. (Msomaji aliyewahi kupigia simu kambi fulani ya walinda amani usiku ataruhusiwa kucheka hapa.) Juggernaut anaingia, anamnyanyua bibi, anamtoa kwenye mashine. Bibi anazimika. Jitu linaona hana faida tena, linamwacha chini na kuondoka. Halina hata hasira naye. Lilikuwa na safari yake tu na yeye alikuwa njiani.

Ukurasa huo ni mkali kuliko milipuko yote inayoufuata. Hospitali zetu zimejaa watu wa namna hiyo, waliochomolewa na vita isiyowajua majina: oksijeni imekwisha kwa sababu barabara imefungwa, umeme umekatika, daktari amekimbia. Hakuna aliyewalenga.

Spider-Man anakasirika na anamfuata. Anajaribu nyuzi, zinakatika. Anajaribu kuangusha vitu vizito. Lori la petroli linalipuka, na katikati ya moto lile jitu linatoka likitembea. Mwishoni anafanya kitu ambacho hakionekani kuwa na maana: anarukia mabega yake, anang'ang'ania kichwani na kumziba macho. Juggernaut anaendelea kwenda mbele, maana ndiyo tabia yake, haoni aendako, na anaingia mwenyewe katika shimo la msingi lililojaa simenti mbichi. Anazama kwa uzito wake. Alikuwa hazuiliki mpaka dakika ya mwisho, na kule kutozuilika kwake ndiko kulikomzamisha.

Tafadhali nisieleweke vibaya. Simwambii kijana yeyote wa Vitshumbi arukie mabega ya mtu mwenye bunduki. Tumezika vya kutosha. Ninachosema ni kwamba mwandishi wa kitabu hicho alijiuliza swali tusilojiuliza sisi: huyu akienda mbele bila kusimama, mbele yake kuna nini?

Miaka miwili baadaye, mwaka 1984, Uncanny X-Men namba 183, tunamkuta Cain Marko hana kofia, amevaa nguo za kawaida, yuko nganda anakunywa. Colossus, kijana Mrusi mwenye mwili wa chuma, anagombana naye. Nganda inabomoka yote. Akishamaliza kumpiga Mrusi, Juggernaut anamwachia mwenye nganda fedha za kulipia uharibifu, kisha anaondoka zake. Ni picha ndogo, haimo katika filamu yoyote. Mimi nilipoiona nilibaki nayo siku nzima. Nimeandika habari za maduka yaliyoporwa, mitumbwi iliyochukuliwa, mashamba yaliyogeuzwa kambi, na sijaandika hata mara moja kwamba kikosi fulani, cha upande wowote ule, kilirudi na kulipa.

Yanayofuata niyapite haraka. Mwaka 1995 anapigwa ngumi moja na kuruka mpaka New Jersey, na aliyempiga, Onslaught, ilikuja kugunduliwa baadaye kwamba ametoka ndani ya Xavier mwenyewe, yule mwalimu mpole. Waandishi walitaka tu kuonyesha kwamba kuna mkubwa kuliko mkubwa, hila ya zamani kama hadithi za sungura. Mwaka 2007 anapigana na Hulk, na Hulk anamshinda kwa kutomzuia: anampisha, anamsukuma kwa kasi yake mwenyewe aende zake mbali.

Lakini katikati ya hayo kuna miaka ambayo mashabiki wengi hawaipendi na mimi naipenda, ile ya mwanzo wa elfu mbili wakati Chuck Austen alipokuwa mwandishi. Nguvu za Cain zimepungua, anakwenda kuishi katika shule ya ndugu yake. Wanafunzi wanamwogopa. Mmoja hamwogopi: Sammy, mtoto kutoka Canada aliyezaliwa na sura ya samaki, anayepumua majini. Wenzake wanamcheka kwa sura yake. Jitu na mtoto samaki wanakuwa marafiki. Huyo aliyepasua kila ukuta anajifunza kukaa na kusikiliza mtoto anayelilia nyumbani. Baadaye Cain anarudi kwenye kundi la waovu na Sammy anadhani rafiki amemsaliti. Black Tom, swahiba wa zamani wa Cain, anamuua mtoto. Juggernaut, mwenye mwili usioumia, hakuweza kufanya lolote.

Katika kijiji kinachoishi kwa samaki, ambako watoto wanaingia ziwani kabla hawajajua kusoma, hadithi hiyo ingesikilizwa kimya. Haijafika. Kilichofika ni ukuta unaovunjika.

Sasa lile nililoahidi kulijibu. Mwaka 2011, katika mkasa ulioitwa Fear Itself, nyundo ya kimungu inaangukia mikononi mwa Juggernaut na anageuka mtumishi wa bwana mwingine. Anaelekea San Francisco, na X-Men wanajaribu kila walilonalo, hawamwezi. Ndipo wachache wao, Colossus na dada yake Magik na Kitty Pryde, wanaacha kumfuata. Wanakwenda kwa Cyttorak. Wanamwambia mwenye jiwe: mtu wako sasa anamtumikia mwingine. Cyttorak anaona wivu, anamnyang'anya Cain nguvu zake na kumpa Colossus. Basi. Yule ambaye majeshi hayakumweza alivuliwa na mwenye mali kwa mazungumzo. (Colossus naye alilipa gharama kubwa, maana aliyeazima nguvu kwa Cyttorak anaanza kufanana na Cyttorak, lakini hiyo ni makala nyingine, na tungeiandika kuhusu wengi wanaoitwa wakombozi.)

Kwangu mimi hapo ndipo kamba ya gari la Puri inaonekana. Nguvu yenye mwenyewe haiwezi kuitwa isiyozuilika. Watu wa Goma tunajua vizuri kitu kisichozuilika kilivyo, tumekiona. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji ikala nyumba na makanisa bila kubagua. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege, na hakuna mtu aliyeisimamisha. Ilisimama kwa sababu imekwisha. Lava haina bosi. Haipokei risasi usiku, hailipwi, haiuzi madini yake kwa mtu anayejua kuyauza tena. Haina msemaji. Hakuna mji mkuu ambako unaweza kupeleka barua kuomba iache. Mtu yeyote mwenye bunduki, wa kundi lolote kati ya yale zaidi ya mia moja tunayohesabiwa mashariki, ana vitu hivyo vyote. Anakula, kwa hiyo kuna anayemlisha. Anapiga, kwa hiyo kuna anayempa cha kupigia.

Na tumeshaliona likitokea. Tarehe 20 Novemba 2012 M23 waliingia Goma. Siku hiyo nani hakusema hawazuiliki? Jeshi lilikuwa limekimbia, vikosi vya Umoja wa Mataifa vikawa vinatazama. Siku kama kumi hivi zikapita, wakatoka. Novemba 2013 wakatangaza mwisho wa uasi wao. Ukimuuliza mtu wa Goma nani alifanya kazi hiyo, atakutajia Kanali Mamadou Ndala, na atakutajia kwa machozi, kwa kuwa kanali huyo aliuawa karibu na Beni mwanzoni mwa Januari 2014. Ana haki ya kumtaja. Mamadou alisimama mbele na raia wakampenda. Lakini mbele haikuwa peke yake. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameandika kwamba Rwanda inawasaidia waasi, Kigali ikakana, na nchi kadhaa wafadhili zikasimamisha sehemu ya misaada yake. Februari 2013 marais wakatia saini mapatano ya Addis Ababa. Mwezi uliofuata Baraza la Usalama likaruhusu kikosi chenye ruhusa ya kushambulia, chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Mtu alikwenda kugonga kwa Cyttorak wakati mwingine anapigana uwanjani. Tumemkumbuka wa uwanjani tu, kama kwenye filamu, na ndiyo sababu Novemba 2021 walipoibuka tena, na Juni 2022 Bunagana ilipoanguka, na Januari 2025 Goma yenyewe, tulianza upya kutafuta kifua cha kusimama mbele.

Nitaambiwa kwamba vita si katuni na kwamba ninawapunguzia waliokufa heshima. Jibu langu ni kwamba katuni tayari imo ndani ya vita, sikuileta mimi. Kijana aliyesema «kaa kando tu» alikuwa ameshaitumia kuelewa maisha yake, na alichokielewa ni nusu. Nusu hiyo ina hatari mbili. Moja ni kukata tamaa. Ya pili ni mbaya zaidi: akishaamini kwamba dunia ina watu wa aina mbili, anayepasua ukuta na anayekaa kando, siku moja atachagua kuwa anayepasua. Neno «kadogo» tulilipokea sisi wenyewe mwaka 1996, wakati wa AFDL, tukaliimba kama jina la sifa. Kila kundi lililokuja baada ya hapo lilikuta watoto wamekwisha kushawishika kabla mwalikaji hajafungua mdomo.

Wazazi na wachungaji wengine wanafikiri dawa ni kuzuia filamu hizo. Haiwezekani, na hata ingewezekana haifai. Filamu yenyewe, ukiitazama mpaka mwisho, inampinga kijana yule. Katika ile ya 2006 Juggernaut anafika mbele ya mtoto mdogo, Leech, ambaye kipawa chake ni kuzima vipawa vya wengine. Mtoto hana silaha, hapigi mtu. Jitu linakimbilia ukuta kama kawaida yake, nguvu hazipo tena, linagonga kichwa na kuanguka. Katika Deadpool 2 linamalizwa kwa umeme na maji ya bwawa la kuogelea, aibu tupu. Na katika Deadpool & Wolverine ya 2024 kinachotafutwa kwake ni kofia yake tu. Tumekuwa tukikata filamu mahali pabaya.

Ninachokiomba ni kingine, na kinawezekana kwa wachoraji tulionao. Nchi hii si maskini wa katuni. Barly Baruti alizaliwa Kisangani, mji wa Waswahili kama sisi, na kitabu chake Madame Livingstone, alichofanya na Christophe Cassiau-Haurie mwaka 2014, kinarudisha vita ya kwanza ya dunia kwenye ziwa Tanganyika, kwetu, si Ulaya. Pat Masioni, Mkongo mwingine, alichora matoleo ya Unknown Soldier kwa kampuni ileile inayomtoa Superman, hadithi ya daktari wa Uganda kati ya waasi wa LRA na watoto waliotekwa kule Acholi. Kazi hizo ziko kwa Kifaransa na Kiingereza, na bei yake ni ya duka la Brussels. Mvuvi wa Vitshumbi hatazinunua.

Redio zimeshaonyesha kwamba Kiswahili chetu kinaweza kubeba lolote, toka chanjo ya Ebola mpaka matokeo ya mpira. Katuni ya kurasa nane, kwa Kiswahili cha huku kwetu, inayopita kwenye simu kwa mega kidogo kuliko video, haihitaji mfadhili mkubwa. Inahitaji mchoraji mmoja wa Goma au Butembo, na mtu wa kuandika. Isiwe ya Juggernaut, huyo ana kampuni yake na mawakili wake. Iwe ya askari mtoro anayeokota jiwe katika shimo la kwetu, na mchoraji asikae kwenye ngumi. Achore jiwe linavyotoka shimoni, anayelibeba mgongoni kwa franka chache, pikipiki linapopandishwa, mpaka linapovukia, ofisi linapobadilishiwa makaratasi, na mkono ulio upande wa pili unaolipokea ukiwa umeshika kalamu.